Salama kwa Kudhaniwa

Ukitaja aseniki kwenye mchele mbele ya watu wa wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, jibu huja kabla hujamaliza sentensi. Hiyo ni shida ya Bangladesh. Hiyo ni shida ya nchi zenye viwanda. Mchele unaoliwa Ilula, Mtandika na Ruaha Mbuyuni unatoka Pawaga, Usangu na Kyela. Mpunga wake umenyweshwa maji ya mito inayoshuka milimani, umeanikwa juani, umekobolewa kwenye mashine za hukuhuku. Sumu ingepitia wapi?

Msimamo huu haushikwi na wajinga. Unashikwa na walimu, wafanyabiashara wa nafaka, maofisa ugani na hata wahudumu wa afya, na haufai kubezwa kabla ya kuelezwa kwa haki. Unasema kwamba maji ya Nyanda za Juu Kusini ni safi; kwamba hakuna mgonjwa aliyeonekana; kwamba mababu walikula mchele wakazeeka; kwamba kelele za aseniki ni za wazungu wenye ajenda zao; kwamba nchi ina matatizo makubwa zaidi; na kwamba, hata kama kuna kitu, mchele ukioshwa vizuri yamekwisha.

Tena msimamo huu una ushahidi mzito upande wake, ingawa wengi wanaoutetea hawaujui. Mwaka 2020 jarida la Exposure and Health lilichapisha uchunguzi wa sampuli 1,180 za mchele mweupe kutoka mabara sita. Kiwango cha kati cha dunia cha aseniki isiyo ya kikaboni, ambayo ndiyo aina inayojulikana kusababisha saratani, kilikuwa mikrogramu 66 kwa kilo. Maeneo yaliyokutwa na kiwango cha chini yalikuwa mawili tu: visiwa vya kusini mwa Indonesia, na Afrika Mashariki ukiondoa Madagaska.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mchele wa Pawaga ni miongoni mwa mchele salama zaidi duniani kwa upande wa aseniki. Ugomvi wa makala haya ni na njia iliyotumika kufikia jibu hilo. Hakuna anayesema sokoni Ilula kwamba mchele ni salama kwa sababu umepimwa. Anasema hivyo kwa sababu ya mlima, harufu na babu. Mashahidi haohao watatu huitwa kutetea mahindi pia, na kwa mahindi wamekwisha kusema uongo hadharani, watu wakazikwa.

Hoja ya kwanza: "Maji yetu ni ya mlimani"

Aseniki haisubiri kiwanda. Imo ndani ya miamba, hutoka miamba inapomomonyoka, na husafiri na tope na maji. Kama mlima ungekuwa kinga, Bangladesh ingekuwa nchi salama kuliko zote, maana tope lililoijenga limeteremka kutoka Himalaya, milima ambayo Udzungwa yetu haiifikii hata kiunoni.

Yaliyowapata Bangladesh yanastahili kusomwa polepole. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa UNICEF na wengine, vilichimbwa visima vya bomba kwa mamilioni ili watoto waache kunywa maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua kwa kuhara. Maji yalikuwa maangavu, baridi, matamu. Yalipimwa vijidudu, aseniki haikupimwa, kwa sababu haikuwa kwenye orodha ya vitu vya kupimwa. Uchafuzi ulithibitishwa mwaka 1993. Kufikia mwaka 2000, makala katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa watu kati ya milioni 35 na 77 walikuwa hatarini. Wale waliochimba visima walikuwa watu wema wenye nia njema, na walikuwa na imani ileile ya Kilolo: maji yakionekana safi, ni safi.

Mpunga nao una tabia yake. Ingiza mguu kwenye jaruba lililokaa na maji wiki kadhaa, tope jeusi litatoa mapovu na harufu ya kuoza. Hiyo ni dalili kwamba oksijeni imekwisha udongoni. Katika hali hiyo kutu ya chuma iliyokuwa imeishikilia aseniki kwenye chembe za udongo huyeyuka, na aseniki huachiwa majini. Mizizi ya mpunga ina njia maalumu za kufyonza silika, na aseniki ya tope hupita kwenye njia hizohizo bila kuulizwa. Ndiyo maana mchele hukusanya aseniki kiasi cha mara kumi kuliko nafaka kama ngano. Udongo wenye aseniki ya kawaida tu unatosha, ilimradi jaruba limefurika.

Na hiyo ardhi "isiyoguswa na kemikali" ina historia ambayo wenyewe wameisahau. Kabla dawa mpya hazijaingia katikati ya karne iliyopita, majosho ya ng'ombe Afrika Mashariki yalijazwa maji ya aseniki ili kuua kupe. Makundi ya nzige ya miaka ya 1930 yalipigwa kwa chambo cha pumba zilizochanganywa na aseniki. Kule kanda ya dhahabu ya bonde la Ziwa Victoria, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliikuta aseniki kwenye vyanzo vya maji ya kunywa katika maeneo ya migodi. Mkoa wa Mbeya nao una dhahabu yake, Chunya, inayochimbwa tangu enzi za mkoloni. Hakuna kati ya haya kinachothibitisha kuwa jaruba fulani la Usangu lina sumu. Kinachothibitika ni kwamba aliyesema "ardhi yetu haijawahi kuguswa" hakuuliza historia ya ardhi hiyo.

Hoja ya pili: "Mbona hatujaona mtu akianguka?"

Kwa sababu aseniki ya chakula haiangushi mtu. Inasubiri.

Mji wa Antofagasta, kaskazini mwa Chile, ulianza kutumia maji ya mto wenye aseniki nyingi mwaka 1958. Mtambo wa kuyasafisha ulisimikwa mwaka 1970, na kiwango kikashuka. Miaka kumi na miwili tu. Lakini saratani za mapafu na kibofu zilibaki juu kwa miongo kadhaa baada ya hapo, na miongoni mwa waliougua ni watu waliokunywa maji yale wakiwa watoto. Ungeuliza mtaani Antofagasta mwaka 1965 kama kuna aliyeanguka, ungejibiwa kama unavyojibiwa Ilula leo.

Dalili za mapema nazo si za kupiga kelele: madoa meusi na meupe kwenye ngozi, viganja na nyayo kuwa ngumu na kuota vijinundu. Katika wilaya ya wakulima, kiganja kigumu kinasingiziwa jembe. Mgonjwa wa saratani ya kibofu anapofika hospitali ya rufaa huulizwa kuhusu sigara na kichocho. Ni nadra kuulizwa amekula mchele wa skimu gani ya umwagiliaji kwa miaka thelathini. Kisichoulizwa hakiandikwi, kisichoandikwa hakihesabiwi, halafu kutokuwepo kwa hesabu kunageuzwa kuwa ushahidi wa usalama.

Hoja ya tatu: "Babu zetu waliula wakazeeka"

Babu wa Kilolo alikula ugali. Alikula viazi, maharage na mboga za majani, akanywa pombe yake ya ulanzi. Wali aliuona Krismasi, Pasaka na kwenye harusi ya watu wenye uwezo. Kumwita babu huyu shahidi wa usalama wa mchele ni sawa na kumwita mtu aliyepanda basi mara mbili kwa mwaka atoe ushuhuda kuhusu maisha ya dereva.

Mjukuu wake anakula wali mchana kwa mama ntilie na jioni nyumbani. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa na maana. Mwaka 2014 Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula ambayo Tanzania ni mwanachama wake, iliweka kikomo cha miligramu 0.2 za aseniki isiyo ya kikaboni kwa kilo ya mchele mweupe. Mtu anayekula gramu 300 za mchele kwa siku, mchele uliogusa kikomo hicho lakini haujakivuka, anameza mikrogramu 60. Akinywa lita mbili za maji yaliyofika kikomo cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 10 kwa lita, anameza 20. Yaani mchele uliofaulu mtihani unaweza kumpa mlaji wa kila siku aseniki mara tatu ya maji yaliyofaulu mtihani. Mwaka 2010 kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani ilikifuta kiwango chake cha zamani cha aseniki inayovumilika mwilini, kwa sababu hakikuwa tena na uwezo wa kumlinda mtu.

Na babu hakuwa mtoto wa miezi minane. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha nusu ya kile cha Codex, miligramu 0.1, kwa mchele wa vyakula vya watoto wachanga kuanzia mwaka 2016. Marekani ikafuata mwaka 2020 kwa nafaka za mchele za watoto. Mtoto ana mwili mdogo na anakula kitu kilekile kila siku. Kilolo mtoto huyo anapewa uji wa lishe, mchanganyiko wa mchele, mahindi, ulezi, soya na karanga uliosagwa pamoja na kufungwa kwenye mfuko. Mfuko una picha ya mtoto mnene anayecheka. Picha hiyo ndiyo cheti pekee ambacho mama wengi hupewa.

Hoja ya nne: "Ni njama za wazungu kuua soko letu"

Hii ndiyo hoja inayopigiwa makofi zaidi, na ndiyo inayojikanyaga vibaya zaidi. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Andrew Meharg lililinganisha mchele mweupe wa nchi kumi. Waliokutwa na aseniki nyingi zaidi walikuwa Ufaransa, kwa kiwango cha kati cha miligramu 0.28 za aseniki ya aina zote kwa kilo, na Marekani, 0.25. Waliokutwa na kidogo zaidi walikuwa Misri, 0.04, na India, 0.07. Mchele wa kusini mwa Marekani unalipa madeni ya mashamba ya pamba yaliyopuliziwa dawa za aseniki kizazi baada ya kizazi. Miaka kumi na moja baadaye, timu ya maabara ya Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast ikatoa ule uchunguzi wa sampuli 1,180 uliouweka mchele wa Afrika Mashariki mahali pa heshima. Kama hii ni njama ya wazungu dhidi ya Waafrika, wazungu hawa ni wazembe wa kutisha.

Gharama iliyofichika iko hapa. Viwanda vya chakula cha watoto duniani vinatafuta mchele wenye aseniki ndogo. Mkulima wa Mbarali, huko Usangu, anaweza kuwa nao. Lakini mnunuzi wa aina hiyo hanunui wastani wa bara. Ananunua shehena, na anataka karatasi ya shehena hiyo. Anayekataa kupima kwa sababu vipimo ni hila za wageni anajinyima ushahidi pekee ambao ungemwongezea bei.

Wakati huohuo, hofu inaelekezwa kwingine. Miaka kadhaa iliyopita simu zilijaa video za matonge ya wali yanayodunda sakafuni, na kila mtu akawa mtaalamu wa "mchele wa plastiki" kutoka Asia. Desemba 2016 Nigeria ilikamata mifuko 102 ya mchele uliodhaniwa kuwa wa plastiki. Maabara ilipoupima haikukuta plastiki. Ilikuta vijidudu kupita kiwango. Watu walikuwa wameogopa kitu kisichokuwepo na kukiacha kilichokuwepo.

Mpaka nao umewahi kufundisha. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha kuwa aflatoksini, mojawapo ya sumu hizo, haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwenye redio ilizungumzwa sana kuhusu ujirani na wivu wa kibiashara. Ilizungumzwa kidogo mno kuhusu watu wa ndani ambao wangeyala mahindi yaliyorudishwa.

Hoja ya tano: "Tuna matatizo makubwa zaidi"

Kweli. Na makubwa hayo yamezaliwa na fikra hiihii.

Mwaka 2016 sumukuvu iliua mikoani Dodoma na Manyara. Zaidi ya watu 60 waliugua, takribani 20 wakafariki, kwa chakula walichokilima wenyewe, wakakihifadhi wenyewe, kwa njia walizoachiwa na wazee. Kenya ilikuwa imekwisha kuzika watu 125 kwa sababu hiyohiyo mwaka 2004. Tahadhari ilikuwepo miaka kumi na miwili, upande wa pili wa mpaka. Mradi mkubwa wa kitaifa wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, ulikuja baada ya mazishi ya Dodoma na Manyara.

Nyanda za Juu Kusini hazimo nje ya hadithi hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu mahindi yaliyohifadhiwa majumbani katika mikoa ya Iringa, Ruvuma, Tabora na Kilimanjaro uliikuta fumonisini, sumu nyingine ya ukungu, kwenye zaidi ya nusu ya sampuli 120. Kuanzia mwaka 2010 watafiti waliwafuatilia watoto 166 katika vijiji vitatu, kimojawapo kikiwa Nyabula mkoani Iringa. Watoto waliokuwa na fumonisini nyingi zaidi kwenye mkojo ndio waliokua kwa shida zaidi.

Sasa weka hayo kando ya takwimu hii. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wa Iringa, unaolisha wengine, ulikuwa na karibu asilimia 57, ukiwa wa kwanza nchini. Udumavu una sababu nyingi, na hakuna mtu makini atakayeibebesha sumu moja mzigo wote. Lakini mkoa wenye ghala zilizojaa na watoto wafupi hauna haki ya kusema kwamba ubora wa kinachoingia chunguni ni anasa ya kujadiliwa baadaye.

Anayesema "tushughulikie sumukuvu kwanza" angekuwa na hoja kama mashine za aseniki na za sumukuvu zingekuwa zinagombea senti ileile ya mwisho. Ukweli ni kwamba sampuli ileile, mkaguzi yuleyule na safari ileile ya maabara vinaweza kutumika kwa vyote viwili. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS), mwenye dhamana ni mmoja.

Hoja ya sita: "Osha vizuri, yamekwisha"

Mama wa Kilolo anapepeta, anachambua mawe, anaosha mara tatu mpaka maji yatoke meupe kidogo, anaweka maji ya kipimo, yanakauka, anapalia makaa juu ya mfuniko. Wali mzuri, na aseniki yake karibu yote imebaki sufuriani, kwa sababu kuosha pekee hutoa kiasi kidogo na maji ya kupikia yamerudi yote ndani ya punje.

Njia inayotoa nyingi inajulikana vizuri na wapishi wa biriani wa pwani: chemsha mchele kwenye maji mengi, kisha mwaga. Maji yakiwa mara sita au zaidi ya mchele, aseniki isiyo ya kikaboni inaweza kupungua kwa asilimia 40 hadi 60. Sharti ni moja: maji yenyewe yawe hayana aseniki, la sivyo mchele utaongezewa badala ya kupunguziwa. Hasara nayo ni moja: baadhi ya vitamini huenda na maji hayo.

Kuna pia watu wa mji wa Iringa wanaojali afya, ambao wameanza kununua mchele usiokobolewa kwa bei ya juu. Una nyuzinyuzi zaidi, ndiyo. Pia aseniki hukaa zaidi kwenye ganda la nje, lile linaloondoka kama pumba. Codex yenyewe iliuwekea mchele huo kikomo cha juu zaidi, 0.35, mwaka 2016. Anayelipa zaidi kwa ajili ya afya anaweza kuwa analipia pia sehemu ya punje yenye aseniki nyingi kuliko zote, na kwenye mfuko hakuna panapomwambia.

Kinacholipiwa kwa kutopima

Muuzaji wa Ilula hutia kiganja kwenye gunia, akanyanyua punje, akaziacha zidondoke. "Nusa mwenyewe, mama. Huu ni wa Pawaga, hauna dawa." Nyuma yake matenga ya nyanya yanapakiwa, na mtaa wa pili duka la pembejeo linauza viuatilifu kwa katoni. Viuatilifu hivyo si aseniki. Ila mtu anayeishi katikati ya biashara hiyo na bado anaapa kwamba mazao ya huku hayaguswi na dawa ameamua kutoona.

Na mambo hayasimami. Bajeti ya kilimo iliruka kutoka Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi Sh954 bilioni mwaka uliofuata, na sehemu kubwa ya ongezeko ilikwenda kwenye umwagiliaji. Majaruba yataongezeka, visima vitachimbwa pale mito isipotosha. Ruaha Mkuu wenyewe umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990. Maji ya kisima kirefu hayana hadithi moja na maji ya mto, na uchunguzi wa mchele uliokua kwa maji ya mto hauwezi kukitolea kisima ushahidi. Kilimo shadidi, kinachoacha jaruba likauke kwa vipindi, huokoa maji na hupunguza aseniki kwenye punje, lakini udongo ukikauka kadmiamu, metali nyingine yenye sumu, hupanda kwenye mmea kwa urahisi zaidi, na kadmiamu huletwa shambani na mbolea za fosfeti. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao walichapisha kazi kuhusu metali nzito katika udongo na mimea ya Usangu. Kazi hiyo inahitaji kurudiwa kila msimu na skimu kwa skimu, Pawaga, Mgambalenga, Madibira na Kyela, na matokeo yabandikwe mahali mkulima anapouzia.

Itasemwa kwamba haiwezekani kulifikia kila gunia. Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao barabarani, na kizuizini gari husimama, magunia huhesabiwa, risiti huandikwa. Hapo ndipo kiganja kimoja cha mchele kinaweza kutolewa, kikafungwa, kikaandikwa jina la skimu na msimu, na kupelekwa kupimwa.